Nguo Iliyomo Ndani ya Fremu

Fundi cherehani alikuwa ametumwa kioo, naye akaishia kusimama mbele ya picha. Duka liliuza vyote viwili, na wifi yake, mshirika wake wa kazi, alikuwa amemsisitizia mambo mawili: wateja wamechoka kujitazama dirishani, na chumba chao cha kushonea kina ukuta mmoja tu usio na rafu. Lakini miguu ilikataa kuondoka. Ndani ya fremu nyeusi mlikuwa na nakala iliyochapishwa ya mchoro wa kisasa: maumbo ya kahawia, buluu na manjano yaliyotawanyika juu ya weupe, yasiyo na sura ya mtu wala mnyama.

"Inaonyesha nini, kaka?"

"Dada yangu, tangu nifungue duka naulizwa hivyo," mwenye duka akacheka. "Mchoraji hakusema. Wewe unaona nini?"

"Naona nguo haijashonwa. Huu mgongo. Hiki kifua. Ile kola. Nguo gani, ndiyo sijui."

Mwenye duka akaikodolea macho kana kwamba hajawahi kuiona. "Ichukue. Ikikushinda, irudishe kesho nikupe kioo."

Wifi alipoiona alishika kiuno. "Nimekutuma kioo, umeniletea matambara! Mteja atajitazama humu aone nini?"

"Nipe leo tu, wifi yangu. Isipotoka nguo, kesho nairudisha mwenyewe."

"Na kamba ya kuifungia nitakupa mimi!"

Fundi akailaza picha juu ya meza ya kukatia, akatandaza karatasi nyepesi juu ya glasi na kufuata kila umbo kwa penseli. Akayakuza kwa kukadiria, kisha akakata shuka kuukuu. Bega likakubaliana na bega. Kola ikakaa shingoni pasipo kubembelezwa. Wifi, aliyejifanya anapiga pasi, alikuwa ameisimamisha pasi zamani.

Mkono wa kulia ukaingia, wa kushoto ukaingia, na mezani kikabaki kipande kingine chenye mkunjo uleule wa kwapa.

"Mikono mitatu!" Wifi akaangua kicheko. "Hongera, fundi. Sasa katafute mteja wake huko aliko. Kesho kioo!"

Fundi alikigeuza kipande huku na huku. Kilikuwa mkono, hakikukubali kuwa kitu kingine. Ahadi ni ahadi. Akaanza kuifunga picha kwa magazeti, polepole, akiliacha lile umbo la manjano, la mkono wa tatu, liwe la mwisho kufunikwa.

"Hebu ngoja."

Wifi alikuwa ameivaa ile nguo ya shuka juu ya gauni lake, pini zikimning'inia kila upande. "Nipe hicho kipande. Kikikaa hapa nyuma, chini ya shingo? Usinichome! Hapana. Na kikija mbele, kikafungwa kiunoni?"

"Sijui."

"Basi fungua hayo magazeti. Mchoraji kakiweka upande gani?"

"Na kioo je?"

"Kioo kitajitafutia ukuta wake. Fungua, wewe!"