Gita la Bendi ya Kiwanda

Mektilda aliepua mandazi ya mwisho, akauzima mkaa kwa mchanga na kujikung'uta unga. Tangu kiwanda cha pamba cha ushirika kifungwe na wafanyakazi kupunguzwa, mandazi ndiyo yalikuwa kazi yake. Leo alifunga biashara mapema. Mali ya kiwanda ilikuwa inauzwa, naye alitaka kitu kimoja tu.

"Dada, sukari imepanda, mafuta yamepanda, wewe umeuza ng'ombe mtamba ukanunue ubao wenye nyuzi?" Jilala, mdogo wake, alimuuliza njiani.

"Mtamba alikuwa wangu, Jilala."

Ghalani walimkuta Ngeleja, mtunza stoo, amezungukwa na wanunuzi.

"Mwangaluka, bwana Ngeleja," Mektilda alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Sufuria ziko kule."

"Nimefuata gita."

Ngeleja alicheka. "Hilo lina mwenyewe, kuna mtu wa baa analijia. Halafu ni bovu, halilii."

"Tangazo lenu pale mlangoni linasema anayetangulia na fedha ndiye anayeuziwa. Niache nijaribu."

Watu waligeuka kutazama. Ngeleja akainua mabega.

Miaka kumi na moja Mektilda alifagia chumba cha bendi ya kiwanda, akilipangusa gita hilo vumbi bila kuruhusiwa kulibeba. Sasa alilivaa. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, jekundu katikati, likififia kuwa la rangi ya asali pembeni. Aliyelichonga alilikata kwa nyuma mkato mdogo, mahali ambapo mbavu za mpigaji zinagusa. Likamkaa kifuani kama mtoto aliyezoea kubebwa. Shingo yake ilikuwa nyembamba, imelainishwa na mikono ya watu. Kwenye gita la kwaya ya parokia alizoea kukaba nyuzi mpaka vidole viume. Hapa aligusa tu.

Alipiga. Kimya.

"Si nilikwambia?" alisema Ngeleja.

Mektilda alichungulia pale waya wa amplifaya unapoingia kwenye gita, akauchomoa, akaufuta kwa pindo la khanga, akausukuma mpaka ukalia *tak*. Amplifaya ikakoroma.

Alianza polepole, mdundo wa nyimbo za kulimia, uzi mmoja mmoja. Sauti ilipanda hadi kwenye mabati. Kisha vidole vikashika kasi, na mama mmoja aliyekuja kununua mapipa akapiga vigelegele. Jilala alisahau kufumba mdomo. Wanaume waliowahi kubeba marobota ya pamba humo ndani walianza kutikisa mabega.

Alipomaliza, aliweka fedha mezani, na Ngeleja akamwinamia sikioni. "Sasa mayu, risiti ina gharama yake pembeni."

"Sema kwa sauti, wasikie wote," alijibu Mektilda.

"Mwandikie risiti!" watu walipiga kelele. "Mwandikie!"

Ngeleja akashika kalamu. "Niandike jina la mume?"

"Andika Mektilda Nyanda."

Langoni askari alinyoosha mkono. "Kibali cha kutoa mali?"

Alimpa risiti. Askari aliisoma mara mbili, akatafuta kosa, hakuliona. Wiki iliyotangulia mashine tatu za kuchambulia pamba zilipita lango hilo juu ya lori la mkubwa mmoja, na hakuna aliyeulizwa hata kipande cha karatasi.

"Fungua milango yote miwili," Mektilda alisema, "lisije likakwaruzwa."

Askari akafungua milango yote. Jilala alitaka kulifunika gita kwa gunia, dada yake akakataa. Alilivaa kifuani, wazi, akakatiza sokoni Bariadi katikati ya barabara.