Zimwi Lenye Alama ya Pasi

Fundi makochi tunayemsema hapa, jina lake la kuzaliwa lilikwisha kupotea midomoni mwa watu. Wote walimwita Kesho. Ukimpelekea kochi, atalizunguka, atalibonyeza, atatikisa kichwa kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa, kisha atakuambia njoo kesho. Ukienda hiyo kesho, atakuambia kesho. Wala si kwamba kazi haijui. Mkono alikuwa nao, tusimdhulumu. Sindano yake ilipita kwenye mahameli usione ilipopita. Alichokosa ni kalenda.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, na humo makochi ya watu yalisimama mifupa mitupu, mengine yamefumuliwa mgongo, mengine hayana miguu. Kesho alifanya kazi na misumari midogo mdomoni, na jambo hilo lilimfaa sana. Mteja akija kugomba, mtu mwenye misumari mdomoni atamjibu vipi?

Katika makochi yote hayo, moja tu ndilo lililomkosesha usingizi. Lilikuwa kochi la mtu mmoja, la mahameli ya kijani, mali ya marehemu baba mkwe wake. Mzee yule tangu astaafu alikaa kwenye kochi lile miaka kumi na saba, ameegemea upande wa kulia, redio iko kushoto. Alikula hapo, alinyolewa hapo, na siku moja, kwa uvivu wa kwenda mezani, alipigia pasi shati lake juu ya mkono wa kochi. Alama ya pasi ikabaki, ya kahawia, ncha imeelekea mlangoni. Mama mkwe alipolileta kochi hakusema mengi.

"Mwanangu, badilisha sponji, kaza springi. Kitambaa usikiguse. Na hiyo pasi iache hapo hapo. Nimegombana nayo miaka mingi, nimeizoea."

"Usijali, mama," Kesho akasema. "Njoo kesho."

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita.

Watu husema mama mkwe ni moto wa kuotea mbali. Huyu hakuwa hivyo, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Kesho alipokwenda kuposa hakuwa na kitu ila nyundo na suruali moja. Baba mkwe alikataa asubuhi, akakataa na mchana. Mama ndiye aliyesema, "Mpeni. Mtazameni anavyokishika kikombe cha watu. Huyu anatunza vitu." Kwa hiyo Kesho angeweza kutukanwa na mji mzima akaenda zake kula akashiba, lakini mama yule kumvunjikia moyo, hilo asingeliweza. Alimpenda kuliko alivyothubutu kusema.

Sasa, shetani akitaka kukuingilia hupitia kwa ndugu.

Shemeji yake, kitinda mimba wa mama huyo huyo, alikuwa mtengeneza picha. Wote walimwita Dairekta, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Picha zake zote zilikuwa za mazimwi, na zote zilionyeshwa kwenye yadi ya malori. Ukuta wa ghala ulipakwa chokaa, jua likizama watu wakaingia na magari yao, wakakaa humo humo ndani, sauti wakaipata redioni. Asiye na gari alipanda nyuma ya pikapu ya mwenzake. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukiogopa, piga honi moja, ukiona kosa, piga mbili.

Picha za Dairekta zilikuwa za honi mbili mbili mwanzo hadi mwisho. Zimwi la mwaka jana lilikuwa binamu yake aliyeviringishwa mifuko ya plastiki, na kila alipokimbia ilisikika kama mtu anayefungua biskuti mkutanoni. Watu walicheka mpaka vioo vikaingia ukungu, na wiki iliyofuata wakarudi na jamaa zao kucheka upya. Nani anataka zimwi la kweli? Mwenye hamu ya kutishika si aende kwa daktari wa meno. Pale yadini walikwenda kudanganywa kwa pamoja, na kila mtu ajue kwamba na mwenzake anajua. Aliyekuwa haridhiki ni Dairekta peke yake.

"Shemeji," alisema siku moja alipokuja karakanani, macho yako kwenye kochi la kijani, "mwaka huu nataka honi moja. Moja tu, ndefu, kabla sijafa."

"Hilo ni la mama," Kesho akamjibu.

"Najua ni la mama. Nimekulia juu yake."

"Basi litazame ukiwa huko huko mlangoni."

Dairekta hakubaki mlangoni. Alilipapasa kochi, akasema ngozi kama hii hata zimwi lenyewe lingeionea wivu. Akasema mkono wa kuishona haupo mwingine mji mzima. Halafu akasema, na hapa ndipo alipompata, kwamba atakayeishona ndiye atakayeivaa. Kesho hajawahi kuogopwa na kiumbe maishani mwake. Wateja walimgombeza, watoto wake walimtuma maji, hata kuku wa jirani walipita katikati ya miguu yake bila hodi. Akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

"Nitafumua mishono tu," akasema. "Sikati. Picha ikiisha nakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa."

"Mama hatajua. Mazimwi haendi kuyaona. Anasema alilala na mkoromo wa baba miaka arobaini, hakuna kilichobaki cha kumtisha."

Kesho akafumua mishono. Lakini kochi halina kwapa, na zimwi haliwezi kuinua mikono bila kwapa. Mkasi ukapita mara moja. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga: akakata kwapa la pili, akakata magoti, akakata na pa kupumulia. Kipande chenye alama ya pasi akakiweka kifuani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizima, vingine vilikuwa vimekwisha kwa kukaliwa. Picha yenyewe ni ya gizani, alijiambia, nani ataona pasi?

Kupiga picha kulichukua siku tatu, na siku zote tatu Kesho alipikika. Sponji ya kochi zima ilikuwa mwilini mwake, na kwa kuwa baba mkwe aliegemea kulia miaka kumi na saba, sponji ya upande huo ilikuwa imelala, kwa hiyo zimwi likatembea limeinama kulia. Haoni mbele. Aligonga mlango wa ghala mara nne, na mara ya tano ndiyo iliyoingia kwenye picha. Aliyekuwa akifukuzwa ni msusi wa jirani, mwanamke wa sauti kali, na Kesho alipomkanyaga mguu alisema, kutoka ndani ya zimwi, "Samahani, dada." Dairekta akasema hana mkanda wa kurudia, iache hivyo hivyo.

Ijumaa jioni mke wa Kesho akamwambia, huku akikunja nguo, "Baba watoto, kesho tutampitia mama. Anakuja kwenye picha."

"Mama yupi?"

"Nina mama wangapi? Amesema mwanawe ndiye aliyeitengeneza, mkwewe ndiye zimwi, akae nyumbani afanye nini."

Kesho akaketi juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Usiku ule hakula, na mkewe akadhani ni kiherehere cha msanii.

Siku ya pili wakaingia yadini na pikapu ya kupelekea makochi, Kesho kwenye usukani, mkewe katikati, mama dirishani na pochi yake mapajani. Kesho akaenda moja kwa moja kuegesha nyuma ya lori la maji.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, "mimi naona tangi."

"Hapa kuna upepo mzuri, mama."

"Sikuja kupigwa upepo. Nimekuja kukuona wewe."

Basi wakasogea mstari wa mbele kabisa, pale ambapo hata chunusi ya mtu ukutani ina ukubwa wa sufuria. Taa zikazimwa. Dairekta alikuwa amesimama juu ya kreti karibu na ukuta, akiwatazama watazamaji na si picha, kama mpishi anayehesabu midomo.

Msusi akakimbia, honi mbili. Zimwi likagonga mlango, honi mbili kila kona. Zimwi likasema samahani, dada, na hapo yadi nzima ikawa kama harusi. Mama alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kesho alikuwa ameanza kupumua. Hakujua, masikini, kwamba Dairekta alilipenda lile doa. Bila kumwambia, alikuwa amelipiga picha kwa karibu. Ghafla ukuta wote wa ghala ukajaa pasi, pasi kubwa kama lori, ya kahawia juu ya mahameli ya kijani, na redioni sauti ya Dairekta ikanguruma: "Jicho la tatu. Jicho lisilolala."

"Baba watoto," mke akanong'ona, "hiyo si..."

Kesho alitamani zimwi limmeze, ila zimwi lilikuwa yeye. Kisha mama akainuka kidogo, akanyoosha mkono mbele ya bintiye, akauweka juu ya honi. Akaibonyeza mara moja. Hakuiachia mpaka alipochoka.

Vicheko vikakatika. Halafu gari la pembeni likapiga honi moja, ndefu. Na la nyuma yake. Na lori la maji. Honi moja moja, yadi nzima, maana hakuna aliyetaka kuonekana hakuogopa alichokiogopa mama mzima wa mstari wa mbele. Kule kwenye kreti Dairekta alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha.

"Mama," Kesho akasema, macho kwenye usukani, "nimekosa. Nilisema nafumua, nikakata. Sina la kujitetea."

Mama alikuwa bado anatazama mbele. Ukutani zimwi lilikuwa limegeuka, linakwenda zake kuelekea barabarani, pole pole, limeinama kulia, bega moja chini. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaitafuta leso kwenye pochi, na alipoipata alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja.

"Mtazameni," akasema. "Miaka kumi na saba nilimwambia, baba nanii, inuka kwenye hicho kiti unisindikize hata mpaka getini. Hakuinuka. Leo ndiyo ametoka."

"Mama, kitambaa..."

"Kitambaa ni kitambaa. Nimekukasirikia, mwanangu, lakini si kwa hicho." Akaikunja leso. "Pale kilipokuwa kiti chake pako patupu. Nakula nikitazama ukuta. Kila siku naambiwa kesho, naweka sahani, natazama ukuta. Ungeniambia tu kwamba hakiji, ningesogeza meza."

Kesho angependa kupigwa kofi kuliko kuyasikia hayo. Hakuwahi kufikiri kwamba mwisho wa hiyo kesho yake kuna mtu amekaa anangoja na sahani. Alifungua mdomo, na neno lililokuja, kwa mazoea ya miaka yote, lilikuwa lile lile.

"Kesho, mama."

Mkewe akamkanyaga mguu. Hakuomba samahani.

Lakini asubuhi, chai haijachemka, mama alisikia pikapu mlangoni. Kesho alishuka na fremu ya kochi begani na zimwi chini ya kwapa. Vipande vilivyokatwa havikuweza kurudi vilikokuwa, hilo aliliona usiku kucha karakanani, kwa hiyo alikuwa ameamua kulikalisha zimwi lenyewe. Aliivalisha fremu hilo zimwi pale pale sebuleni, mbele ya macho ya mama, misumari mdomoni. Mikono ya zimwi ikawa mikono ya kochi. Kifua kikawa mgongo. Kichwa kikabaki juu, kimeinama kulia, meno na yote, na alama ya pasi aliifumua kifuani akairudisha kwenye mkono wa kochi, ncha imeelekea mlangoni.

Mama akalizunguka, akalibonyeza. Akaketi. Akaweka kiganja juu ya alama ya pasi, akakiacha hapo.

"Mkono wa kulia amekonda," akasema.

"Nimeacha hivyo makusudi, mama."

"Najua. Kaa tunywe chai."

Saa sita Dairekta akaja mbio, shati halijafungwa vifungo. Watu wanaulizia picha ya pili, akasema, mwenye yadi amempa wiki mbili, na zimwi liko wapi, karakanani halipo. Alipoingia sebuleni akalikuta limekaa, na mama yake amekaa ndani yake, anamenya chungwa.

"Mama, nalihitaji zimwi langu."

Mama akamaliza kumenya. Akatazama kochi, akamtazama mkwewe, ambaye mara moja alitia misumari mdomoni, kisha akamtazama mwanawe kwa huruma.

"Njoo kesho," akasema.