Lugha ya Kuanikia Omena

Jerusha alitoka Rusinga asubuhi na mapema na kikapu cha omena, dagaa wakavu wa ziwani, akavuka daraja la Mbita, akaenda Homa Bay kumwona mke mwenzake. Adhiambo alikuwa amepigwa na kiharusi, akalazwa, akatoka, na sasa alikaa kwa bintiye Liz, nyuma ya soko la samaki. Kwenye simu Liz alisema mama anaongea vizuri tu. Jerusha alitaka kuuliza, anaongea lugha gani? Hakuuliza, maana hakuna mwingine aliyejua kwamba wao wawili walikuwa na lugha yao.

Alipoolewa kutoka Kegonga, kwa Wakuria, hakujua Kijaluo hata cha kuombea maji. Adhiambo, mke mkubwa, hakujua Kikuria, na Kiswahili chao wote kilikuwa cha sokoni, kinaisha mkishapatana bei. Tena mama mkwe alikuwa na masikio ya paka. Mlilosema mchana lilimfikia mzee, mume wao, kabla ya ugali wa jioni. Basi pale ufuoni, wakigeuza omena juu ya nyavu, walianza na chumvi. Adhiambo aliiita puti. Mama mkwe akawa Kirendo. Mzee akawa Dum, kwa vile alivyokanyaga ardhi. Adhiambo ndiye aliyetunga, Jerusha ndiye aliyetunza. Kitu kikiwa kingi, mkia wa neno ulirudiwa: putiti. Swali liliulizwa mdomo ukiwa umefungwa, sauti ikipandia puani. Ya jana yalisemwa ukivuta pumzi, ya kesho ukiitoa. Mpita njia alidhani ni wanawake wawili waliochoka, wanahema juani.

Hawakumfundisha mtoto hata mmoja. Kirendo alikufa, Dum akamfuata, wao wakaendelea. Kijaluo kilikuwa cha mambo ya boma. Ile nyingine ilikuwa ya mambo yao. Tangu Adhiambo augue, neno likimjia Jerusha ufuoni lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Adhiambo alikuwa barazani, mkono wa kulia umelala mapajani.

“Nyar Kegonga,” Adhiambo alimwita, yaani binti wa Kegonga, “umekonda. Nani anakula omena zangu?”

“Mimi. Na wewe umenona, Liz anakulisha kama fahali wa kuuzwa.”

Walicheka. Waliongea habari za kuku, za kanisa, za paa linalovuja. Liz alipoingia jikoni, Jerusha alivuta kiti karibu. Akavuta na pumzi, akasema putiti, ile siku ya chumvi nyingi, siku Dum alipokunywa maji mpaka mtungi ukakauka. Hapo Adhiambo alikuwa hakosi kucheka.

Adhiambo alimtazama. “Kifua kinakubana?”

Jerusha alijaribu tena, polepole.

“Ni vumbi la barabarani,” Adhiambo alisema, akampigapiga goti kwa mkono mzima. “Liz, mletee mamdogo maji.”

Jerusha aliyanywa yote.

Chakula kilipoletwa, Liz akarudi jikoni. Adhiambo alionja omena, akakunja uso. Kisha akauangalia mlango, akainama.

“Hakuna chumvi. Daktari amekataza, na huyu msichana ana masikio, we acha tu. Hata nikiitaja kwa jirani anasikia. Tuipe jina lingine, mimi na wewe.” Alifikiri, macho yakamng'aa kama zamani. “Tuiite seko.”

Puti ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Jerusha. Aliimeza.

“Seko,” alisema.

“Ukija tena uniletee kidogo, ufunge kwenye pindo la leso.”

“Seko yenyewe sileti, nisije nikakuzika. Jina lake nitakuja nalo.”

“Mchoyo wewe,” Adhiambo alisema, akacheka hadi Liz akachungulia.

Kesho yake, ufuoni Rusinga, Jerusha alimwaga omena juu ya wavu, akazitandaza, akaanza kuzigeuza. Seko, alisema, seko, asije akasahau. Mwanamke aliyepita na ndoo alimuuliza kama anaongea naye.

“Hapana, mama. Pita tu.”