Goti la Pili

Chumba cha dobi cha hoteli kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na kufikia saa nne asubuhi mvuke ulikuwa umeshalowanisha nguo za kila mtu. Winchi alisimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, uzito wote kautupia mguu wa kushoto. Wa kulia aliufunga bendeji chini ya gauni la kazi. Jina la Winchi alipewa uwanjani, enzi zile akinyoosha mkono na kuuchomoa mpira hewani kama anayechuma pera. Humu chini urefu wake ulikuwa na faida moja tu: ndiye aliyetumwa kuteremsha sabuni kwenye rafu za juu.

"Mdogo wako yumo gazetini tena," mwenzake wa zamu akasema, akilikunjua gazeti juu ya rundo la taulo. "Pointi ishirini na sita! Shoga, wewe na huyu mmetoka tumbo moja kweli?"

"Ndivyo tunavyoambiwa."

Wakacheka. Kisha Winchi akavuta shuka jingine.

Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kudunda, nyuma ya nyumba, kwa mpira uliovimba upande mmoja, kitindamimba wao akiwa angali mgongoni kwa mama. Ndiye aliyeitwa kwanza timu ya taifa. Kano ya goti ilipokatika, jezi ya nchi ikiwa mwilini, alikwenda kwa mwenyekiti wa chama cha mpira wa kikapu na barua ya daktari: apasuliwe ndani ya wiki sita. Mwenyekiti aliisoma huku akijichokoa meno.

"Fungu la matibabu limekwisha, binti yangu. Vuta subira."

"Mzee, mashindano hata hayajafika katikati."

"Ndiyo maana nakwambia vuta subira."

Wiki ile ile mke wa mwenyekiti alisafiri na timu kama ofisa wa afya. Barua ikalala kwenye droo. Klabu ya ng'ambo iliyokuwa ikimtaka Winchi ikamchukua mdogo mtu.

Miaka minne sasa. Siku hizi mama akisema "mwanangu" hataji yupi, na wageni wote wanajua ni yupi.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya mchana, simu iliita. Winchi aliipokea kwenye ngazi za nyuma, na uso wa mdogo wake ukajaa kiooni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nyota wetu."

"Nataka kukuuliza kitu, usimwambie mama. Goti lako, kabla halijakatika, lilikuwaje?"

Winchi akaipapasa bendeji chini ya gauni.

"Langu linanicheza," mdogo mtu akaendelea. "Nikigeuka ghafla ni kama linataka kuniacha. Daktari wa timu ananidunga sindano, naingia. Wakala anasema nikikaa nje mkataba unavunjwa, na kibali cha kuishi huku kinakwenda nao. Nimempigia mwenyekiti, chama kiniombee nipumzike. Kaniambia nisimwaibishe, Jumapili mechi inaonyeshwa kwenye ukumbi wa chama, waziri anakuja."

Winchi alilijua goti hilo. Wiki tatu kabla halijakatika, lake lilimcheza vivyo hivyo, na kocha akamwambia ni uvivu. Neno moja lilitosha: acha. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nyuma ya bega la mdogo wake aliona dirisha pana, pazia jepesi, na kitanda kilichotandikwa shuka jeupe lililonyooshwa na mwanamke mwingine.

"Ni misuli tu," akasema. "Langu halikuanza hivyo. Wewe cheza."

"Kweli, dada?"

"Nimekudanganya lini?"

Mdogo mtu akashusha pumzi. "Asante. Angalau wewe nakuamini."

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Winchi alikalishwa mstari wa mbele pamoja na mama, kavalishwa fulana yenye picha ya mdogo wake kifuani. Robo ya tatu, kwenye kioo kikubwa, mdogo mtu alipokea pasi, akageuka, mguu ukabaki nyuma. Hakuna aliyemgusa. Alianguka peke yake, akalishika goti kwa mikono miwili.

Watu wakasimama. Mama akaweka mikono kichwani, "Mwanangu! Mwanangu!" Winchi hakusimama. Kitu cha kwanza alichokihisi, kabla ya hofu, kabla ya haya, kilifanana na kukaa chini baada ya zamu ndefu. Haya ilikuja baadaye, na haikumwachia.

Mwenyekiti alimnong'oneza waziri, wakatikisa vichwa, waziri akatazama saa yake. Kisha mwenyekiti akaja kuchuchumaa mbele ya Winchi.

"Pole sana, binti yangu. Chama kitatoa tamko."

"Na matibabu?"

"Huko ana klabu yake. Sisi tutamwombea." Akasogea karibu zaidi, ananukia marashi. "Hivi, yule kitindamimba wenu, wa darasa la saba. Siku hizi kimo chake kimefika wapi?"

Winchi alitaka kumtemea mate. Mdomo ulikuwa mkavu. Akauona mkono wake mwenyewe ukiinuka taratibu kutoka gotini, kiganja kimelala, ukalipita bega la mwenyekiti, ukakipita kichwa chake, ukasimama hapo hewani, ukimwonyesha.