Kwaya kwenye Veranda ya Syokau

Syokau alikuwa na vyumba vinne juu ya duka lake la zamani mjini Mwingi, na mpangaji mmoja tu. Tangu steji ya matatu ihamishiwe upande wa pili wa mji, barabara yake ya nyuma ilibaki na milango iliyofungwa tu. Jumatatu moja mpangaji wake Mwongeli, msichana wa duka la dawa, aliketi kwenye ngazi na kusema bila kumtazama:

"Mwaitu, Jumamosi nahama."

Mwaitu ni mama. Msichana yule alikuwa ameanza kumwita hivyo bila kuombwa, na Syokau aliona neno hilo likiondoka pamoja na godoro.

"Chumba kinavuja?"

"Chumba nakipenda. Shida ni kufika. Nikitoka kazini saa mbili, kuanzia pale kona sioni taa, sioni mtu. Naogopa."

Syokau aliwaza siku mbili nzima. Taa angeweza kununua, lakini watu je? Jumatano akamwendea Kyule, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, akamwomba mazoezi ya jioni yafanyiwe kwenye veranda yake.

"Kwa nini tusiimbe kanisani?"

"Nitawapikia muthokoi."

Kyule hakuuliza tena.

Jioni hiyo Syokau alipanga viti nje, akawasha taa, akainjika sufuria kubwa ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Kwaya ilianza na wimbo wa polepole, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiwashinda.

Hilo ndilo kosa ambalo hakuna aliyeliona. Viti nje ya nyumba, taa, nyimbo za kanisa giza likiingia: Mwingi nzima inajua hayo ni matanga. Wa kwanza kufika alikuwa Kiilu mwenye bucha, kofia mkononi, pakiti mbili za sukari kwapani.

"Pole sana, mama. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyetuacha."

"Hakuna aliyekuacha, Kiilu. Keti ule."

Kiilu aliitazama sukari, akaitazama sufuria, akaketi. Wakaja wengine na majani ya chai, na maziwa, na nyuso za huzuni. Kila mmoja alielezwa, akacheka, akapewa sahani.

"Nimelia kutoka sokoni mpaka hapa," alinung'unika Ndeti, fundi wa viatu. "Nirudishieni machozi yangu."

Saa mbili ilikuwa imepita kidogo Syokau alipomwona Mwongeli kwenye kona. Msichana alisimama, akaona watu, akasikia wimbo, kisha akaja mbio akisukuma mabega ya watu. Alimkuta Syokau ameshika upawa. Akamkumbatia, akalia kwenye leso yake.

"Nilidhani ni wewe."

"Ni mimi. Nawapakulia."

Watu walicheka, naye akacheka katikati ya kilio. Kisha akafuta uso, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kesho, mwaitu? Kesho hakuna kwaya."

Kiilu ndiye aliyejibu, mdomo umejaa.

"Kesho naleta jiko langu la nyama choma hapo ng'ambo ya barabara, nichome kila jioni. Kule steji tunabanana bure." Akamgeukia Ndeti. "Na wewe unayelala dukani kwako, muulize mama kama juu kuna nafasi."

Jumamosi Mwongeli alishusha mizigo kwenye ngazi kutwa nzima. Haikuwa yake: yalikuwa magunia ya Syokau, yaliyokuwa yamejaa chumba cha jirani na chake, na Ndeti alisubiri chini na kitanda chake, akimharakisha.