Jibu la Mzee Sylvance

Tangu Machi Mzee Sylvance Okoth hakuwa amesema neno, na Jumamosi hiyo nyumba nzima ilimngoja aseme moja tu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza kwenye kitanda kilichojaza sebule yao mtaani Mbotela. Kilimwachia masikio na akili, kikabeba vingine vyote, hata kope. Sasa pumzi nayo ilikuwa ikimwishia. Madaktari walitaka kumtoboa koo apumue kwa mashine. Akitobolewa angeweza kuishi miaka, akiwa vilevile. Asipotobolewa, hamalizi mwezi.

"Basi aulizwe mwenyewe," bintiye Winny alikuwa amesema, na kwa neno hilo akajitwika mzigo.

Ndipo alipokuja Andati, kijana mtafiti wa ubongo, na kofia yake ya nyaya. Alimpaka mzee mafuta mazito kichwani, akamvisha, akafungua kompyuta.

"Haisomi mawazo, mama," alimweleza Norah, mke wa mzee. "Inaonyesha tu sehemu gani ya ubongo inafanya kazi. Mzee, ukitaka kusema ndiyo, imba moyoni ile sauti yako nzito ya besi ya kwaya. Ukitaka hapana, fikiria unagonga muhuri kwa mkono wa kulia, kama ulivyokuwa ukigonga kule reli. Tuko pamoja?"

Wakamjaribu. Wewe ni Sylvance? Mstari wa kijani ukapanda: ndiyo. Hapa ni Kisumu? Ukapanda wa buluu: hapana. Norah akaanguka magotini akalia kwa sauti. Miezi mitano amemlisha kwa mpira, amemgeuza, amemsimulia habari za majirani, na leo mumewe anamjibu. Nani asingelia?

Likabaki swali lenyewe. Winny aliinama karibu na sikio la baba yake.

"Baba, unataka utobolewe koo, uishi kwa mashine?"

Kijani. Wakarudia, kijani. Mara ya tatu mstari ulipanda mpaka juu kabisa.

"Bwana asifiwe!" Norah akapaza sauti, na wanawake wa kanisa waliokuwa kwenye baraza wakaitikia kwa vigelegele. Wamekaa pale tangu asubuhi, maana kwao mgonjwa haachwi kimya. Huombewa na kuimbiwa mpaka apone au achukuliwe. Vigelegele vilipotulia, wakaurudia wimbo waliokuwa wakiuimba.

Winny akageukia dirisha. Wimbo ulikuwa ukisikika vizuri mno. Wakati wa majaribio dirisha lilikuwa limefungwa. Sasa lilikuwa wazi, na mama yake amesimama kando ya dirisha.

"Nani amefungua dirisha?"

"Joto," Norah akasema, bila kumtazama.

Andati aliacha kuandika. "Huo si ndio wimbo wa mzee? Aah, mama! Mwanakwaya akisikia wimbo wake, ubongo unaufuata, apende asipende. Majibu hayo matatu ya ndiyo hatuwezi kuyahesabu."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua!" Norah aligeuka, machozi yakimtoka, na hasira pia. "Na wewe ulijua unafanya nini? Mtu anaulizwa kama anataka kufa, mke wake akiwa hapa hapa? Nani alikutuma umuulize?"

Alitaka kumkumbatia mama yake, na alitaka kumtikisa. Alitoka akawaomba wale wanawake wanyamaze, akarudi akafunga dirisha, akauliza upya.

Buluu. Buluu. Ya tatu, buluu.

Norah ndiye aliyeanza.

"Kompyuta hiyo hiyo ilisema ndiyo mkaikataa. Sasa imesema hapana, imekuwa Biblia?"

"Mama, si Biblia," Andati akasema polepole. "Inaweza kukosea. Lakini mara tatu, kukiwa kimya..."

"Basi muulize kama amenichoka."

"Mama, wacha," Winny akasihi.

"Muulize! Wewe si ndiye bingwa wa maswali?"

Andati alitazama sakafu. Winny akainama tena, na safari hii aliogopa kuliko mara zote, kwa sababu lile la koo ni la madaktari, hili ni la watu wawili waliolala kitanda kimoja miaka thelathini na tisa.

"Baba, umemchoka mama?"

Mstari wa buluu uliruka kabla Winny hajamaliza kuvuta pumzi. Ulikaa juu, ukang'ang'ania pale, mpaka Andati akasema hajawahi kuona mtu akijibu kwa nguvu hivyo.

Norah aliutazama mpaka uliposhuka.

"Mvue hiyo kofia," alisema. "Inambana."

Kofia ilipotoka, alichukua pembe ya leso yake, akamfuta mzee yale mafuta kichwani, taratibu, nyuma ya masikio, kwenye paji la uso, hata pasipokuwa na kitu.

"Winny, mpigie daktari," alisema, akiendelea kufuta. "Mwambie baba yako amekataa."