Treacle ya Bwana Hext

Nilikulia Bristol, jirani na kiwanda cha sukari, na kwetu treacle ni ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishachujwa. Tunaipaka kwenye mkate. Nilipoolewa na Gilbert Sparkes nikahamia kijijini kwao, niliahidi kuoka keki ya tangawizi siku ya kubatizwa mwanetu.

Nikaenda kwa Bwana Hext, muuza dawa, nikamwomba treacle.

"Ya watu wangapi?"

"Kumi na wawili."

Akanitazama kwa huruma. "Poleni sana huko nyumbani."

Nikadhani ndivyo wanavyotaniana huku.

Nilipofungua kopo, harufu ya mizizi iliyooza ilinipiga puani. Labda imekaa sana dukani, nikajisemea. Nikazidisha tangawizi, nikakoroga, nikaulamba mwiko mara mbili nzima ili nijue kama imekolea. Ilikuwa chungu, inanata kooni kama makohozi, lakini nikaoka hivyo hivyo nikidhani moto utaondoa uchungu.

Siku ya ubatizo, mchungaji ndiye aliyetangulia kuuma. Akatafuna, akaacha kutafuna, macho yakamtoka. Mama mkwe wangu, Bi Philippa, alionja kidogo tu akatema kiganjani.

"Damaris, umetia nini humu?"

"Treacle, mama."

"Umeitoa kwa Hext?"

"Ndiyo."

"Yesu wangu! Mchungaji, tema! Huyu mtoto ametulisha nyoka!"

Watu wakatema, wengine kwenye leso, mmoja kwenye kofia ya mume wangu.

"Hiyo ni dawa ya sumu, mwanangu," Bi Philippa akaniambia. "Wanamkata nyoka kichwa, wanamchemsha mpaka nyama inaachana na mifupa, wanamponda na mizizi na kasumba. Hext anasema jina lenyewe ni la Wayunani. Linatokana na mnyama mkali, ni dawa ya aliyeumwa naye."

"Lakini sisi tunapaka kwenye mkate!"

"Mnapaka nyoka?"

Nilikimbilia nyuma ya zizi la nguruwe nikatapika mpaka nikabaki natoa maji ya kijani, na kila nilipomeza mate niliuhisi utelezi wa ule mwiko ulimini.

Mwezi uliofuata Gilbert alileta pipa dogo la treacle ya kwetu kutoka Bristol. Bi Philippa alichovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Tamu! Sasa nyie watu wa mjini, jina la dawa yetu mmelichukua kwa nini?"

Tangu hapo anaipaka kwenye mkate kila asubuhi, mdomo unamchuruzika weusi. Mimi nachukua kikombe changu cha chai, naenda kunywa uani nisimwone.